Ijumaa Zilizoandikwa Mara Mbili

Kaka yangu Wendell Stoltz alikuwa mtu wa kupendwa siku zote isipokuwa Ijumaa ya mshahara. Ijumaa hiyo ilikuja kila baada ya wiki mbili, na ikifika, usimsemeshe. Akitoka kiwandani anapita mlango wa nyuma, anavua viatu, anashuka moja kwa moja chumba cha chini, anawasha kompyuta, anaandika mchango wake wa uzeeni. Mkewe Marlys yuko juu kashavaa koti, mkoba mapajani, anasubiri kwenda kula samaki. Mimi na mume wangu Dale tumeshafika kwenye ukumbi wa samaki, tunawashikia viti, watu wanatukazia macho kwa nini watu wawili wamekalia meza ya wanne.

Samaki wa Ijumaa hapa Kewaunee, mji wetu wa kando ya ziwa, hawamngoji mtu. Ukichelewa unakuta wale wadogo wa ziwani wamekwisha, unapewa minofu minene ya kugandishwa ambayo hata paka wangu angeifikiria mara mbili.

"Anafanya nini huko chini, anazaa?" Dale alikuwa akiuliza.

"Anaandika hela zake," namjibu.

"Si ziko benki? Zitatoroka?"

Ndivyo tulivyomcheka. Lakini tusisahau wakati ule ulivyokuwa. Kiwanda cha sufuria kilikuwa kimeshawaambia watu kwamba mambo ya pensheni ya maisha, kama waliyopata baba zao, yamekwisha. Sasa kila mtu ana akaunti yake. Wanamkata kwenye mshahara, kiwanda kinaongezea kidogo, hela zinanunua vipande vya mfuko wa uwekezaji, na mtu akizeeka atakula alichokusanya. Wengi wetu tulizitupa zile karatasi za taarifa kwenye droo bila kuzifungua. Wendell hakuweza. Alikuwa fundi wa kutengeneza kalibu za chuma za kuundia zile sufuria, mtu aliyezoea kupima mpaka unywele, na hela zilizokwenda mahali asipopaona zilimkosesha raha. Akanunua programu ya hesabu za nyumbani, akajifunza peke yake majira ya baridi mazima, na tangu hapo hapakupita mshahara ambao hakuuandika: mchango wake, wa kiwanda, na bei ya vipande ikifika, na idadi yake. Karatasi ya taarifa ikija kila baada ya miezi mitatu, analinganisha. Ikilingana mpaka senti ya mwisho, anapanda ngazi anapiga mluzi.

Ile programu ingeweza kuandika yenyewe. Ilikuwa inamwuliza kabisa: huu ni muamala unaojirudia, nikuandikie kila mara? Alikataa. Aliiruhusu imkumbushe tu.

"Mashine ikijiandikia, mimi nitajuaje kama hela imefika?" alinieleza siku moja. "Itakuwa inaandika matumaini."

Basi huyo ndiye Wendell. Mrefu, kimya, masikio makubwa, mweka hazina wa kanisa letu la Kilutheri tangu nywele zikiwa nyeusi. Nilimpenda kuliko ndugu zangu wote, na sisemi hivyo kwa sababu amekufa.

Sasa lazima niseme habari ya baba yetu, maana bila hiyo hutaelewa upumbavu uliofuata. Baba alikuwa na ng'ombe wa maziwa nje ya mji. Ugonjwa wake wa kusahau ulianza na bili ya umeme. Alilipa mara mbili. Watu wa umeme wakarudisha hela kwa barua ya adabu, akacheka, tukacheka. Mwezi uliofuata akalipa mara tatu. Miaka michache baadaye alikuwa amekalia kiti cha nyumba ya wazee, kafungwa mkanda asianguke, anamwita Wendell kwa jina la kaka yake mwenyewe aliyekufa vitani. Wendell ndiye aliyekwenda kumnyoa ndevu kila Jumamosi mpaka mwisho. Baba alikuwa anampiga, na Wendell anaendelea kunyoa.

Siku ya maziko, kwenye gari, aliniambia, "Mdogo wangu, mimi nikianza, sitangoja mtu aje kuninyang'anya vitu. Nitavitoa mwenyewe, nikiwa bado najua ninachotoa."

Nikamwambia aache kuongea ujinga.

Ilikuwa miaka mingi baadaye, Pasaka imepita, theluji imebaki kwenye kona za majengo tu, ndipo alipokuja jikoni mwa shule ambako nilikuwa napika. Hakuwahi kuja kazini kwangu. Nilikuwa nasukuma kigari cha sahani, nikamwona kasimama mlangoni, kofia mkononi, nikajua mtu amekufa.

"Nani?" nikamwuliza.

"Hakuna mtu. Una dakika?"

Tukatoka nje kwenye mapipa ya taka. Akaniambia taarifa ya miezi mitatu haikulingana. Mashine yake ilikuwa na hela nyingi kuliko karatasi. Akatafuta, akakuta Ijumaa moja kaandika mchango mara mbili.

"Ni hilo tu?" nikasema. "Kaka, mimi juzi nimetia chumvi supu mara mbili, watoto mia nne wamekunywa maji kama ng'ombe."

"Nikaifuta moja. Wiki mbili baadaye, tena mbili. Nikafuta. Nikasema sawa, umechoka, Wendell, kuwa makini." Akaizungusha ile kofia. "Halafu Ijumaa hii. Nimetoka kiwandani, nimekaa, sijagusa kitu. Nafungua, nakuta nimeshaandika. Mchango wa leo. Tarehe ya leo. Maneno yangu mwenyewe, vile ninavyofupisha. Nimeshaandika, Lavonne, na sikumbuki."

Upepo wa ziwani ulikuwa unapuliza harufu ya maziwa yaliyochacha kutoka kwenye yale mapipa. Bili ya umeme. Sote wawili tulikuwa tunafikiria kitu kimoja na hakuna aliyetaka kukitaja.

"Labda mashine," nikasema.

"Niliikataza. Haiandiki, inakumbusha tu. Nimekaa nayo miaka, naijua."

"Basi Marlys."

"Marlys hagusi meza yangu. Wewe unagusa meza ya Dale?"

Sigusi. Huo ndio ukweli, na usinicheke. Katika nyumba zetu mtu anaweza kulala na mumewe miaka arobaini asijue ana kiasi gani benki, na akiulizwa na dada yake ataona ametukanwa. Hela haziongelewi. Meza ya hesabu ni ya mwenye meza.

"Nenda kwa daktari basi," nikamwambia.

"Aniambie nini? Alichomwambia baba?"

"Wendell, acha ukaidi!"

"Usimwambie Marlys," akasema, akavaa kofia, akaenda zake.

Nimejiuliza sana kwa nini mtu wa vipimo kama yeye hakujipima. Angeandika tu kwa kalamu kwenye kiganja chake, sijaandika bado, kisha akafungua mashine. Mtoto angefikiria hilo. Jibu ni moja: aliogopa. Alikuwa amemnyoa baba yetu Jumamosi zote zile, na akili yake ilikuwa imeshaamua kabla mikono haijapima. Uoga ukishaingia, kila kitu kinakuwa ushahidi. Akisahau miwani, ushahidi. Akisahau jina la mtoto wa mchungaji, ambalo hata mimi silijui, ushahidi.

Kazini akaanza kupima kitu kile kile mara tano. Akawa mzito. Akaharibu kalibu moja, yeye ambaye vijana waliletwa wamtazame mikono, na hakuna aliyemgombeza, na hilo likamwumiza zaidi. Ijumaa akawa anakaa chumba cha chini muda mrefu kuliko zamani, anahesabu, anafuta, anahesabu tena. Tukala minofu minene majira yote ya kiangazi.

Agosti akaacha kazi. Hakungoja umri wa kupata haki zake zote, akakubali kilichokatwa. Wakamnunulia keki, wakapeana mikono, wakampa nafasi yake mtu mwingine wiki ile ile. Jumapili akakabidhi vitabu vya kanisa. Jioni akaja kwetu, akaweka funguo za gari lake la mizigo juu ya meza mbele ya Dale.

"Nitakuuzia kwa bei nzuri," akasema.

Dale akazichukua zile funguo, akatoka nje, akajifanya anakagua matairi.

Marlys aliambiwa siku hiyo hiyo. Najua alivyoambiwa kwa sababu yeye mwenyewe alinisimulia huku analia kwenye bega langu. Wendell alimkalisha chini akamwambia, "Mama Karin, imeanza. Kama baba." Basi. Hakumwambia imeanzaje. Hakutaja Ijumaa, hakutaja mashine, hakutaja mchango. Na yeye hakuuliza, maana sisi hatuulizi.

Wifi yangu alikuwa anapamba keki kwenye bekari ya mtaa wa juu. Labda huoni kama ni kitu. Lakini kila harusi ya mji huu, kila mtoto aliyebatizwa, maua ya sukari yalitoka kwenye vidole vya Marlys. Nilikuwa namtania kwamba anampenda yule bibi harusi wa sukari wa juu ya keki kuliko mumewe. Watu walikuwa wanampigia simu kutoka mji mkubwa wa Green Bay. Wiki moja baada ya Wendell kuacha kazi, na yeye akaacha. Akavunja miadi ya harusi tatu.

"Wifi, si lazima uache sasa hivi," nilimwambia. "Bado yuko sawa. Anakula, anaoga."

"Nani atakaa naye siku isipokuwa sawa? Wewe? Mwanangu Karin yuko mbali, Arizona." Kisha akalainisha sauti. "Nataka kuwa naye wakati bado ananijua."

Akabandika karatasi ndogo kwenye kabati: vikombe, sahani, chumvi. Akawa anampangia nguo kitandani. Akamkataza ngazi, akamkataza msumeno, akamkataza kuwasha jiko. Na Wendell akatii kila kitu. Hicho ndicho kilichonitia hasira, ule utii. Nilikuwa naingia pale namkuta amekaa dirishani na sweta limefungwa vifungo mpaka shingoni, nataka kumtikisa. Nilirudi nyumbani nikavunja sahani nikiosha vyombo.

Novemba, tanuru la kupasha joto nyumba yao likafa. Fundi akataja bei. Marlys akanipigia.

"Wifi, wewe unajua kompyuta za shule. Njoo uniangalizie kama tunazo hela kwenye ile akaunti. Sitaki kumwuliza, atachanganyikiwa."

Nikaenda. Wendell alikuwa nje gereji. Tukashuka chini wawili. Meza ilikuwa imefunikwa shuka safi, iliyopigwa pasi, kama meza ya maiti, na Marlys akaikunja vizuri kabla hajaniruhusu kukaa. Nikawasha. Mashine ikafikiria, ikafikiria, ikafunguka.

Nikaitazama ile orodha. Mstari wa mwisho ulikuwa Ijumaa ya wiki ile. Mchango. Juu yake, Ijumaa nyingine, wiki mbili nyuma. Mchango. Nikapanda juu, Oktoba, Septemba, mpaka Agosti. Kila Ijumaa ya mshahara ilikuwa na mchango wake, kwa maneno yale yale yaliyofupishwa, wa mtu ambaye hakuwa na mshahara.

"Wifi," nikasema polepole, "nani anakaa hapa?"

"Hakuna. Tangu aache kazi hajashuka hata siku moja. Ngazi zile, naziogopa."

"Na wewe?"

"Mimi?" Akacheka kidogo kwa aibu, kama msichana aliyeshikwa anakula sukari. "Mimi niligusa mara moja tu, usimwambie. Karibu na Pasaka. Alikuwa anaoga, ameiacha wazi, imemwuliza kama inaweza kuwa inaandika yenyewe. Nikaona, lo, kumbe inawezekana! Nikaweka tiki, nikafunga lile swali. Nilitaka tuwahi samaki, wifi. Wale wadogo, si unajua anavyowapenda. Lakini haikushika, maana aliendelea kukaa huku chini vile vile, tena akawa anazidi."

Nikamtazama. Hakuwa mjinga Marlys, nisieleweke vibaya. Hakuwa na sababu ya kujua. Hakuna mtu aliyemwambia kwamba ugonjwa wa mumewe wote mzima, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, ulikuwa ni mistari ile.

"Zipo?" akauliza. "Hela za tanuru?"

"Zipo," nikasema. "Usifuate ya mashine, fuata ya karatasi. Zipo."

Nilitaka kupiga kelele za furaha pale pale, nakwambia. Kaka yangu ni mzima! Mzima kabisa, hana kitu! Lakini habari hiyo ilikuwa yake kwanza, yeye ndiye aliyeibeba. Nikapanda ngazi nusu nakimbia, umri wangu ule, nikatoka nje bila koti.

Alikuwa anafuta vioo vya madirisha ya baridi, yale ya kupachika kabla theluji haijaanza. Mwaka ule Dale ndiye aliyekuwa anakuja kuyapachika. Wendell aliruhusiwa kufuta tu.

"Kaka, kaa chini."

"Nimekatazwa kukaa kwenye ndoo," akasema. "Mgongo."

"Kaa kwenye hiyo ndoo, Wendell!"

Akakaa. Nikamwambia yote. Nilikuwa naongea haraka mpaka nikarudia mara mbili, kuhusu Agosti, Septemba, Oktoba, kuhusu shuka juu ya meza, kuhusu tiki. Alikuwa ameshika kitambaa cha kufutia vioo, anakikunja robo, anakikunja tena robo.

"Inaandika kabla," akasema mwishoni. "Ukiweka tiki inaandika siku kadhaa kabla, tarehe ya Ijumaa. Halafu mimi nakuja naandika ya kwangu bila kutazama ya juu yake. Ndiyo maana." Akahesabu kimoyomoyo, niliona midomo ikicheza. "Na ile niliyokuta imeshaandikwa, niliiamini, sikuongeza ya kwangu, kwa hiyo Ijumaa ile ikalingana. Ndiyo maana nilishindwa kuona utaratibu. Na maneno ni yangu kwa sababu inanakili ya mara ya mwisho."

"Mtu mgonjwa anaweza kuyasema hayo?" nikapiga kelele. "Hebu niambie!"

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, mpaka machozi yakatoka, na mimi nikacheka naye nimesimama kwenye baridi na blauzi. Kisha nikaona machozi yanaendelea na kicheko kimeisha.

"Nilikuwa mzima," akasema. "Siku ile ya keki, nilikuwa mzima."

"Twende kiwandani kesho. Nitakwenda mimi, nitawapigia kelele mpaka wakurudishe."

"Pana mtu pale, Lavonne. Ana watoto." Akapangusa uso na kile kitambaa cha vioo. Kisha akauliza, "Umemwambia?"

"Marlys? Bado. Nimekuja kwako kwanza."

"Usimwambie."

Nilidhani sikusikia. "Una wazimu?"

"Ndivyo wanavyosema mjini."

"Wendell, usinitanie! Mwanamke yule analia kila usiku akidhani unakufa vipande vipande, na wewe unajua dawa ni sentensi moja!"

"Haya, iseme hiyo sentensi," akasema. "Iseme uniambie inasikikaje. Mama Karin, ulitaka kula samaki mapema, ukabonyeza kitu, mumeo akaacha kazi, akakatwa haki zake, akauza gari, na wewe ukaacha keki zako bure. Imeishia hapo? Unamjua Marlys. Anajilaumu mvua ikinyeshea harusi ya mtu."

"Ataumia, atapona."

"Hatapona." Hakuinua sauti, kaka yangu hakuwahi kuinua sauti. "Mimi nimeshapoteza vyangu. Sasa unataka na yeye apoteze nini tena? Sasa hivi anajua amefanya jambo jema kwa mtu anayempenda. Mwache nalo."

"Basi sema umepona! Sema daktari kakosea!"

"Daktari gani? Na ugonjwa wa baba haupoi. Nikipona atauliza ulikuwa ugonjwa gani, na atatafuta, na atafika pale pale chini. Hajui hesabu lakini anajua kutafuta."

Nilimtukana. Nilimwita mjinga, punda, kichwa cha chuma, maneno ambayo sikuwahi kumwambia tangu tukiwa watoto tukigombania baiskeli.

"Utajifanya mpaka lini?" nikamwuliza.

"Mpaka iwe kweli. Au nife."

Kisha akaniambia nirudi chini nifute ile mistari yote ya uongo, kuanzia Agosti, na niiondoe ile tiki. "Lakini uandike tarehe ya salio sawasawa," akasema. "Usiharibu." Mungu wangu, hata pale.

Nikarudi. Marlys alikuwa anapasha supu, akaniuliza mbona macho mekundu, nikasema upepo. Nikashuka, nikafuta mstari mmoja mmoja mpaka mashine ikalingana na karatasi. Hapakubaki kitu cha kumwonyesha mtu yeyote. Nimekaa na neno hili mpaka wote wawili wakazikwa, Wendell kwanza kwa ugonjwa wa moyo, wifi miaka minne baadaye, na mchungaji alisema madhabahuni habari za mzee aliyesahau vyote isipokuwa upendo, na mimi nikauma meno nikaimba wimbo uliofuata.

Lakini kitu ninachotaka ukijue ni jioni moja ya Februari, majira yale yale. Baridi ilikuwa ya kukata masikio, ziwa limeganda mpaka mbali. Tulikuwa kwao, wanne, tunacheza karata mezani jikoni, mimi na Wendell upande mmoja, Dale na Marlys upande wa pili. Wendell tangu utotoni alikuwa haguswi kwenye karata. Alikuwa anajua ulichoshika kabla hujakipanga. Majira hayo alikuwa akikosea hapa na pale, vitu vidogo, na mimi kila nikiona najiuma ulimi.

Jioni ile tulikuwa tunashinda. Mkono ulikuwa wa kwangu, nilikuwa nimeshauchukua, hakuna mpinzani aliyeweza kuninyang'anya. Alichotakiwa ni kutupa takataka yoyote. Akazitazama karata zake muda mrefu. Kisha akatoa malkia wa pau, ambaye kwa mchezo wetu ndiye turufu kubwa kuliko zote, akaiweka juu ya karata yangu, bure kabisa.

Dale akafungua mdomo kutaka kucheka, akaufunga.

"Nimekosea?" Wendell akauliza. Alikuwa anamtazama Marlys. Hakunitazama mimi.

"Kidogo tu, baba Karin," Marlys akasema, akampapasa mkono. "Si kitu. Hata mimi huwa nakosea."

Nikainuka nikasema nakwenda kuweka maji ya kahawa. Marlys akanifuata kwenye sinki. Akafungua bomba ili wanaume wasisikie, akanisogelea, macho yamejaa.

"Umeona mwenyewe, wifi," akanong'ona. "Inazidi. Afadhali niliacha kazi mapema."

Nikamshika kiuno. Nilimwona Wendell kwa nyuma, mabega yale, anakusanya karata taratibu na kuzisawazisha kingo.

"Ndiyo, wifi," nikamwambia. "Afadhali."